Winga Aliyeomba Kiti Mara Moja

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Ndiyo maana Hirsi na Agha Iraj, waliokuwa na viti viwili katika duka moja pale Coventry Road, walinyoana. Kila mwisho wa mwezi, duka likishafungwa, mzee alikaa kwanza na Hirsi akamnyoa, kisha wakabadilishana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anataka vipi. Kichwa cha mtu ukishakizoea huna haja ya maelezo.

Hirsi ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, aliyefika Birmingham kwa kupitia Uholanzi. Agha Iraj ni mzee wa Tehran, mwembamba, na masharubu yake huyachana zaidi ya anavyowachana wateja. Hiyo "Agha" ni bwana kwa lugha ya kwao, na Hirsi hakuwahi kumwita bila hiyo, maana kijana wa Eastleigh aliyelelewa hamwiti mzee jina tupu. Wakizungumza Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja akichomeka maneno ya kwao, na walielewana vizuri kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni mpira wa zamani. Yeye ni wa Persepolis, wekundu. Watani wao ni Esteghlal, bluu. Sasa fikiria mtu wa wekundu aliyeletwa na maisha Small Heath, mtaa wa duka lao, ambako timu ya mtaa ni ya bluu na kila Jumamosi ya mechi mashati ya bluu yanapita dirishani kwake kama mto. Alikuwa anavuta pazia. Hata wateja wakamzoea, wakawa wanamgongea kioo kwa makusudi wakipita.

Lakini hadithi zake hazikuwa za mabao. Zilikuwa za waliohama. Kulikuwa na golikipa, kwa maneno yake, aliyetoka wekundu akaenda bluu, akarudi wekundu, na siku aliyorudi watu walimlilia uwanjani kama maiti aliyefufuka. Kulikuwa na beki ambaye mama yake alikaa na skafu mbili kabatini, maana kaka mtu yuko huku na mdogo mtu yuko kule, na mama siku ya mechi hakutoka chumbani. Sijui kama yote ni kweli, mimi sikuwepo, na mzee akishika mkasi huongeza chumvi. Hirsi naye akimjibu kwa habari za Gor na Ingwe, watani wa Nairobi, na wateja wakisahau kuwa wamechelewa kazini.

Hadithi iliyorudi kuliko zote ni ya winga. Iraj alikuwa kinyozi kijana kusini mwa Tehran, na winga huyo wa wekundu alinyolewa naye tangu hana ndevu. Akahamia bluu. Katika mechi ya watani akaifunga timu yake ya zamani, hakushangilia, alijifunika uso kwa mikono. Wiki hiyohiyo akaja dukani. Duka limejaa wekundu watupu, wamenuna, na kiti cha Iraj kitupu kabisa. Winga akasalimia, akauliza kama kuna nafasi. Iraj, mbele ya wale wanaume wote, akamjibu kwamba kiti kina mtu. Winga akakitazama kile kiti kitupu, akatikisa kichwa, akatoka.

"Hakuuliza mara ya pili," mzee alimalizia hivyo kila mara, kitambaa mkononi.

Ili uelewe uchungu wake lazima ujue taarofu. Ni adabu yao Wairani. Ukikaribishwa chai unakataa, unakaribishwa tena unakataa, ya tatu ndiyo unapokea. Na anayekukatalia naye, la kwanza si la kweli, la pili bado ni adabu, la tatu ndilo la moyoni. Kwetu sisi ukisema hapana kikombe kinarudi jikoni. Mwezi wa kwanza wa kazi, Hirsi alimkaribisha mzee sambusa, mzee akasema hapana asante, na Hirsi, Mungu amsamehe, akazila zote. Ikawa hivyo siku nyingi. Mzee wa watu alishinda na njaa akitazama sambusa zikiisha, mpaka siku moja akapiga meza kwa kitana na kumfundisha adabu ile ya mara tatu. Tangu hapo Hirsi alikuwa fundi wa taarofu kuliko Wairani wenyewe. Alikuwa akimbembeleza mzee achukue sambusa kama anayemposa.

Kisha Fartun akafa.

Fartun ndiye mke wa Hirsi. Hawakujaliwa watoto, walijaliwa kucheka. Aliugua wakati wa baridi na kabla majani hayajarudi kwenye miti akawa hayupo. Hirsi hakulia msikitini, hakulia makaburini. Aliwashukuru watu waliokuja, akawauliza habari za watoto wao, akarudi nyumbani akalala na viatu. Tangu siku ile mwili wake ulishikwa ganzi, kama ufizi unavyoshikwa kwa daktari wa meno, ila hii haikuisha jioni. Alikunywa chai ikichemka na hakusikia kitu. Alitembea kwenye theluji bila soksi na alikumbushwa na watu. Mzee akimsimulia ya golikipa na beki, Hirsi alitikisa kichwa mahali panapotakiwa, na mzee aliona, akaendelea kusimulia vilevile.

Ng'ambo ya barabara akafungua duka la kunyolea Abdiaziz, mpwa wa marehemu Fartun. Taa nyingi, viti vyeusi, vijana wanasubiri mpaka nje. Akamjia Hirsi kwa heshima zote, akasema familia inataka awe karibu nao, shangazi angependa. Hirsi hakutaka na hakukataa. Ndugu zangu, mtu mwenye ganzi ukimshika mkono anakufuata popote, hata shimoni. Akasema sawa.

Alimwambia mzee asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Agha Iraj alikuwa anakunja taulo. Hakuacha kukunja.

"Nenda, jan," alisema. Jan ni mpenzi, ni roho. "Duka lako, njia yako. Nenda."

Hirsi akashukuru. Akafunga mashine zake kwenye mfuko na jioni ile akavuka barabara.

Jamani! Mtu aliyebembeleza sambusa mara tatu miaka yote hiyo! Mzee alisema nenda ya kwanza, ile ya adabu, na alisimama na taulo akingoja aambiwe siendi, Agha, nawezaje kwenda, ili aseme ya pili, na huko kwenye ya tatu ndiko wangefika kwenye mazungumzo yenyewe. Hirsi alichukua ile ya kwanza kama kikombe kinachorudi jikoni. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na nia yoyote, na hilo ndilo baya zaidi.

Mwisho wa mwezi ukafika, na hakuna aliyekaa. Ukapita. Ukaja mwingine. Abdiaziz alimwambia Uncle, keti nikuweke sawa dakika tano, Hirsi akasema kesho. Vijana wa dukani wakamtania kwamba ni tangazo baya la biashara. Akasema kesho. Nywele zikamfunika shingo, mvi zikatokea kila upande. Hakujua kwa nini anakataa, alijua tu kwamba mkono wa mtu mwingine ukikaribia kichwa chake anainuka kitini.

Aliyemtoa usingizini ni Séverin, dereva wa basi, Mkongo wa Bukavu anayeishi Lozells. Yeye tangu Hirsi ahame alikuwa akinyoa kichwa ng'ambo hii na ndevu ng'ambo ile, asimuudhi mtu. Alikaa kwenye kiti cha Hirsi siku za mwisho za Ramadhani, akamtazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Ndugu, ule muzee naye nywele imemufika ku masikio," alisema. "Na kile kiti yako ya dirisha, hakuna mutu anaikaliaka. Nilitaka kuikaa, akaniambia iko na mutu."

Hirsi alizima mashine. Akamwomba Séverin arudie. Séverin akarudia, akaongeza kwamba kiti kilikuwa kitupu, na taulo safi imekunjwa juu yake, na kwamba wazee wakianza kuzeeka hivyo ni wa kuombewa.

Mwaka huu Iddi na Nowruzi, mwaka mpya wa Wairani, ziligongana siku moja, kwa hiyo siku moja kabla maduka yote mawili yalifurika. Hirsi alinyoa vichwa mpaka vidole vikakakamaa, akiwa na saumu, mawazo yake yakiwa kwenye kile kiti cha dirishani. Adhana ya adhuhuri ilipofika vijana wakamiminika kwenda msikitini. Akaswali nao, akatoka wa kwanza, akapita duka la Abdiaziz asiingie. Akavuka barabara.

Ndani ya duka la zamani hapakuwa na mtu isipokuwa mzee. Séverin hakutia chumvi. Agha Iraj alikuwa na nywele nyeupe zimesimama pande zote, na masharubu yamekosa kitana. Kwenye meza ya mbele ameotesha ngano kwenye sahani kwa ajili ya Nowruzi, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, taulo juu yake.

"Salaam, Agha. Kuna nafasi?"

Mzee hakugeuka. "Kiti kina mtu," alisema.

Hirsi akakitazama kiti. Alijua yuko wapi. Alijua yeye ni nani katika hadithi ile, na alijua winga alifanya nini baada ya hapo. Miguu yake, kwa mazoea tu, ilikuwa imeshaanza kuelekea mlangoni. Miguu ya mtu asiyesikia kitu hujiendea yenyewe.

Akaizuia. Akasimama katikati ya duka.

"Agha Iraj," alisema, "naomba nafasi. Kesho Iddi."

"Kina mtu."

Sasa hapo, wasomaji wangu, hakuna adabu iliyobaki ya kujificha nyuma yake. La tatu lingekuwa la moyoni. Mzee angeweza kulisema, na ana haki ya kulisema, na Hirsi angetoka bila duka, bila Fartun, bila mtu mmoja mji mzima anayekijua kichwa chake. Aliliona hilo waziwazi. Na aliogopa. Miezi mingi alikuwa hajaogopa kitu, na hofu ile ilimshangaza.

"Naomba kiti, Agha," alisema.

Basi lilipita nje, kioo kikatetemeka. Kisha mzee akaenda dirishani, akainua taulo, akakung'uta kitambaa ingawa hakikuwa na unywele hata mmoja.

Hirsi akakaa. Mzee hakuuliza vipi. Alianza nyuma, kwa mkasi, na nywele zikaanguka mabegani kwa mafungu, nyingi zaidi zikiwa nyeupe kuliko Hirsi alivyodhani. Mara moja mkono wa mzee ulisimama, akavuta pumzi kwa pua, ukaendelea. Alipofika shingoni akachukua wembe, akausuuza majini, akauweka chini ya kisogo.

Hirsi akashtuka.

"Baridi," alisema.

Agha Iraj akautoa wembe. Akamtazama kwenye kioo, yule mtu aliyekuwa akimeza chai ya moto mbele yake bila kukunja uso, na aliona macho yake yamejaa. Akasubiri. Akamwekea kiganja chake kichwani, kizito, akakiacha hapo mpaka Hirsi alipomaliza kulia.

Kisha akamaliza shingo, akamkung'uta, akavua koti lake jeupe na kuketi yeye kitini.