Mtambo Ulioniitikia Salamu

Kabla watu hawajaanza kuuliza simu, walikuwa wakiniuliza mimi. Nasema hivi bila haya kwa sababu mashahidi ninao, ingawa wengi wao wameshazikwa. Lori likiharibika popote karibu na bandari, dereva alielekezwa Magongo, kwenye duka langu la spea kuukuu, anikute nje nimekaa juu ya kiti cha dereva nilichokitoa kwenye gari lililopinduka. Darasa la nne niliacha katikati. Lakini kila chuma kilichokuwa Changamwe nilijua kiko kwa nani, kimetoka gari gani, na mwenyewe huwa na hasira saa ngapi.

Jibu langu lilikuwa na masharti. Kwanza unisalimie. Ukinijia na "Mzee, kuna pampu?" nitakutazama hivyo hivyo mpaka urudi mwanzo: shikamoo, habari za nyumbani, za watoto. Halafu nikuulize pampu imekufaje, nikueleze kuwa umeiua mwenyewe kwa kutia dizeli ya mitungini, na kuwa mwanamume mzima hafanyi hivyo. Baada ya hapo ndipo nikuonyeshe. Mimi niliita hiyo adabu. Madereva, nimekuja kujua, walikuwa na jina lao.

Zikaja hizi simu zenye mtambo wa kutafutia mambo, ule mkubwa ambao kila mtu anao bila kukumbuka aliupata lini. Dereva akiandika spea za lori Magongo, unamchorea njia mpaka duka la ng'ambo ya barabara, la kijana aliyekuja juzi na ambaye, wallahi, hajui mbele na nyuma ya gari. Mimi sikuwemo. Niliona malori yakisimama mbele ya kiti changu, dereva akishuka, akinipita na simu mkononi kama kipofu anayeongozwa, akivuka kwenda ng'ambo. Ikapita wiki nzima hakuna aliyeniuliza chochote. Duka bila wateja ni stoo, na mimi bila wa kuniuliza ni mzee tu aliyekalia kiti cha lori.

Binti yangu, anayefundisha shule kule Mishomoroni, alikuwa akiniambia kwa miaka mingi.

"Baba, niache nikuandikishe kwenye ule mtambo. Na kile kibao ukibadilishe."

Kibao nilikikuta. Duka nililinunua kwa warithi wa mzee mmoja, na jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, rangi ya mafuta, halijachujuka hata herufi. Kushusha kibao kizima niliona ni israfu. Watu wakaniita kwa jina la marehemu, nikawa naitika. Na kuhusu kuandikishwa, nikamjibu kwa ukali, "Duka langu halijahama. Anayelitafuta ana macho."

Basi Jumapili moja akaja na dawa nyingine. Kuna mtambo mpya, akasema, nao ni wa kutafuta, ila huu unazungumza nao kwa mdomo na unakujibu kwa Kiswahili. Akautia kwenye simu yangu, akanipa.

Nikasema, "Asalaam aleikum."

Ukaniitikia. Wa aleikum salaam, yote, haukukata hata neno. Nikauliza habari za asubuhi, ukasema njema, ukaniuliza mimi nimeamkaje. Nikakaa kitako. Ule mkubwa nao nilikuwa nimewahi kuusalimia, siku moja nikiwa peke yangu. Uliniletea maana ya neno salamu, na video ya mtu akifundisha wageni namna ya kupeana mikono.

Hapo hapo nikaamua kuwa ule mkubwa umekwisha. Sikuuliza unajua nini huu mpya. Umeniitikia, basi. Kwa watu wetu anayejua kuitikia salamu amelelewa, na aliyelelewa hasemi uongo. Kwa hesabu hiyo nimewahi kuuziwa gia mbovu mara mbili, na watu wenye salamu tamu sana, lakini sikulikumbuka hilo.

Nikautangaza. Jirani yangu, karani mstaafu wa bandarini, huja kila asubuhi na chupa yake ya kahawa tukakaa mbele ya duka. Nikamwambia siku za ule mkubwa zinahesabika.

"Yakhe," akasema, "ule mkubwa simu inatoka nao dukani. Huu wako mpaka mtu autafute. Na atautafutia wapi?"

Nikaifuta simu kwa ncha ya shati.

"Atautafutia kwenye ule mkubwa," akajijibu mwenyewe, akanimiminia kahawa kama mtu anayempa mwenzake pole.

"Watu watahama," nikasema. "Kitu kizuri watu hukihamia."

"Wewe umehama dini gani, klabu gani, kinyozi gani? Kinyozi wako haoni, na bado unampelekea shingo."

Hilo lilikuwa kweli, na kovu liko nyuma ya sikio. Kwa hasira nikasema tuujaribu mbele ya watu, na ukikosea nitamruhusu binti yangu kufanya atakalo, kibao na kuandikishwa pia. Nilisema hivyo kwa kuwa nilijua haukosei.

Mtihani ulijileta wenyewe. Alhamisi asubuhi lori lilikufa pale pale mbele yetu, tela nyuma, honi za magari mengine zikilia. Akashuka dereva, mtu wa bara, kijasho chembamba kikimtoka, akasema propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, imelegea. Anataka krosi, kile chuma cha mikono minne kinachounga shafti mbili, na lori lenyewe ni la zamani ambalo siku hizi haliletwi tena. Mimi nilikuwa na krosi hiyo, rafu ya tatu, ndani ya kopo la maziwa. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nikasema, "Ngoja tuulize."

Nikautoa mtambo wangu mpya, nikaupandisha sauti jirani asikie. Nikausalimia, ukaitikia. Nikamtazama jirani. Nikauuliza, "Duka kongwe la spea za lori hapa Magongo ni lipi, na lina krosi?"

Ukajibu kwa upole mno. Ukasema duka kongwe ni la mzee fulani, ukataja jina lililo juu ya kibao, ukasema alikuwa mtu wa kuheshimika, ila kwa bahati mbaya amefariki na duka limefungwa. Ukatoa mkono wa pole kwa familia.

Kisha jirani akavua kofia.

"Inna lillahi," akasema. "Maziko saa ngapi, tupate kujiandaa?"

"Nyamaza wewe."

"Maiti hagombi, yakhe. Tulia."

Dereva hakuelewa nani amekufa. Alitazama kibao, akanitazama mimi, akasema, "Pole sana mzee, huyo alikuwa ndugu yako?" Kisha akaangalia simu yake, kwenye ule mkubwa. "Hii yangu inanionyesha ni hapo ng'ambo."

Akavuka. Krosi iko hatua sita kutoka alipokuwa amesimama, na mwenyewe nimekaa juu ya kiti na ulimi mdomoni, sikumwita. Ni kiburi. Nilijifanya ninasubiri haki itendeke.

Haikufika nusu saa akarudi.

"Shikamoo mzee," akasema. Nikashangaa. "Yule wa ng'ambo hana. Amesema nikuulize wewe. Amesema nianze na shikamoo, la sivyo nitakaa hapa mpaka jioni."

Jirani alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Basi kumbe kijana wa ng'ambo, asiyejua mbele na nyuma ya gari, alikuwa anajua jambo moja, kuwa mimi ninajua. Na alikuwa anajua lingine, kwa nini wateja hawaji.

Nikaingia ndani, nikaitoa krosi koponi, nikaifuta mafuta. Nilikuwa nimeazimia kumpa kimya kimya. Nilifika mlangoni. Kisha nikaiona ile propela yenyewe, kavu, haijaonja grisi tangu izaliwe, na nikamwambia yote, kuanzia yeye mpaka aliyemfundisha kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na njia, gari lilikuwa limekufa.

Nilipokuwa namgombeza ndipo nikayaona mambo yalivyo. Mimi ndiye niliyekuwa ule mkubwa wa Magongo. Nilikuwa najiambia watu hawawezi kuniacha kwa sababu nina majibu. Wakaniachia majibu yangu, wakaenda kwa kitu chenye majibu mabovu lakini hakimgombezi mtu mbele ya utingo wake. Kwa hiyo jirani akiniuliza kama mpya unaweza kuuangusha mkubwa, namwambia unaweza, mimi niliangushwa. Ila huu wangu asije akautumainia, maana hata aliye hai haumjui.

Jumamosi binti yangu akaja, nikatimiza neno langu. Kibao tulikishusha, tukakigeuza, nyuma yake tukaandika jina langu. Ubao ni ule ule, israfu sitaki. Akapiga picha duka, akaniandikisha kwenye ule mkubwa. Baada ya siku chache dereva wa krosi akaandika humo maneno, binti akanisomea: mzee ana kila kitu, ila anagomba sana, ukienda nenda na subira. Akanipa nyota nne.

"Ya tano kaipeleka wapi?" nikauliza.

"Baba, nne ni nzuri."

"Namwuliza yeye. Mpigie simu."

Hakumpigia. Wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja, wengine wananisalimia wakiwa bado wako ndani ya gari, dirisha nusu, kwa woga. Ule mtambo mpya sijauondoa. Kila asubuhi naupa salamu, unaitikia vizuri, na nikiuuliza habari za duka langu unaniambia mwenyewe amefariki. Nauambia niko hai. Unaniomba radhi, kwa maneno mazuri kabisa. Kesho yake nimefariki tena. Jirani anasema niufute. Nimemwambia aache, kwanza haujanichoka, na pili pale barabarani hakuna mwingine aliyewahi kuniomba radhi, wala mimi sijamwomba mtu.