Majina Mawili Yaliyokatwa

Dada yangu alizaa watoto tisa. Saba wako hai. Wawili walifariki wachanga, wameshabatizwa, tukawazika migombani nyuma ya nyumba yake kule Nkoaranga. Kwetu mama akizikwa, watoto wake wote wanasomwa majina, walio hai na waliotangulia. Hilo halijadiliwi.

Alipofariki, mtoto wake wa kwanza alikuja kwangu na simu. Nikamtajia majina tisa na yeye akaandika kwenye kundi la familia, wale wadogo akawaweka chini kabisa.

Kesho yake akaniletea kitabu cha mazishi cha mfano. Niliishia darasa la tatu, ila majina nasoma. Nikahesabu. Saba.

"Wengine wako wapi?"

"Mama mdogo, wale walikufa wachanga. Hata wakikosekana, nani anawakumbuka?"

"Na mimi niliyekutajia ni nani? Ni kiti?"

Nikavaa viatu. Akanifuata mpaka Kimandolu, kwenye steshenari kinakochapishwa kitabu, analalamika njia nzima kwamba vitabu vinatakiwa kanisani asubuhi.

Binti wa pale akanisalimia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Watoto wa dada yangu umewatupa wapi?"

Maskini akashtuka. Akafungua kompyuta, akanionyesha. Kumbe hakuandika hata jina moja! Mjomba huyu, alisema, alimtumia picha ya skrini ya simu. Na simu yenyewe ina herufi kubwa kama za bango, maana macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo majina saba yakajaza kioo. La nane lilitokea nusu, limekatwa kiunoni. Binti akaondoa saa na alama ya betri juu, akaondoa na lile nusu chini, akaibandika picha kitabuni kama ilivyo.

"Nilidhani ni uchafu wa picha, bibi. Nilitaka ipendeze."

"Uchafu!"

Mpwa wangu anaangalia dari. Hasira yote ikahamia kwake. Mtu mzima, ana wajukuu, ameshindwa kusogeza kidole juu kidogo aone kama mama yake amemaliza kuzaa!

"Basi nitumie tena, mjomba," binti akasema. "Ya juu, kisha ushushe, upige na ya chini."

Akapiga mbili. Binti akazikata pembeni, akaziunganisha taratibu mpaka mstari ukakaa sawa, nami nimesimama nyuma ya bega lake nasoma kwa sauti, jina kwa jina. Sikukaa ingawa walinivutia kiti mara mbili. Ili tisa wote waenee kwenye ukurasa, ikabidi apunguze picha.

Mpwa wangu akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaileta puani.

"Mama mdogo, herufi zimekuwa ndogo mno. Wazee hawataona."

"Asiyeona aje aniulize," nikamwambia. "Wewe chapisha."