Dalali Aliyeshindwa Kumtoa Mwenye Nyumba

Ukimuuliza Flaviana kama open house zina faida kwa dalali wa nyumba, atacheka kwanza, halafu atakuuliza kama umekula. Jibu lenyewe hulipati. Madalali wenzake wanalo, tena wanalitoa bila kuombwa: kuifungua nyumba Jumapili mchana ili kila apitaye aingie ni kupoteza siku. Mnunuzi wa kweli, wanasema, hupiga simu akapanga miadi. Wanaokuja siku hiyo ni majirani wanaotaka kuona jiko la mwenzao, na watu wasio na shughuli wanaofuata biskuti za bure za wageni.

Mimi ndiye mtu wa biskuti. Naitwa Jeptoo, ni nesi, na kufikia mwaka 2009 nilikuwa nimeshapita ndani ya nyumba za watu kuanzia Wheaton hadi Lanham, huku Amerika, bila nia ya kununua hata kitasa. Mlangoni huwa kuna karatasi ya kuandika jina na namba ya simu. Mimi niliandika jina la mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa ameshafariki na hangesumbuliwa na simu ya dalali yeyote.

Tulikuwa tukipanga Gaithersburg, na kila Jumapili tuliendesha gari hadi Lanham kwenye ibada ya Kiswahili. Ibada ikiisha, nikiona kibao cha open house chenye maputo kwenye kona ya mtaa, namwambia mume wangu, Festus, akate kona. Festus alikubali kwa kuwa yalikuwa matembezi ya bure. Kununua nyumba Amerika alishakataa katakata. Nyumba, kwake, ilikuwa ile tuliyokuwa tukijenga Kapsabet, ambayo ilikwama kwenye linta siku nyingi hadi mbuzi wa jirani wakaihamia. "Huku tunapita tu," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa nimechoka kupita. Sikumwambia hivyo. Nilisimama tu kwenye majiko ya watu nikiwaza sufuria zangu zingekaa wapi.

Jumapili moja ya mwezi wa saba tukaingia kwenye nyumba ya matofali mekundu, mtaa mtulivu, si mbali na kanisa. Hapakuwa na harufu ya biskuti. Palikuwa na harufu ya chai ya tangawizi, na mimi nikadhani njaa inanichezea. Sebuleni, kwenye kiti kilichoelekea dirishani, alikaa bibi mmoja Mmarekani mweusi, sahani ya chapati mapajani, anakula bila haraka.

"Kitchen ni ndogo, lakini cheki hiyo dirisha," nikamwambia Festus kwa Kiswahili changu cha kujiachia. "Na huyu mama amejiweka ni kama kwake."

"Ni kwake, dada," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Karibuni chai."

Nilitamani sakafu ifunguke. Binti yetu Cherono, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alicheka hadi akashika ukuta. Ndivyo tulivyokutana na Flaviana: mwanamke mfupi, mnene kidogo, suti ya kijivu na kanga juu yake kuzuia unga, ametoka jikoni na birika mkononi. Mtanzania wa Bukoba. Akatukalisha mezani kama tulioalikwa, na kabla kikombe hakijapoa nilikuwa nimeshajua maisha yake, maana Flaviana si mtu wa kuficha.

Alikuja Amerika kusoma, karo ikamshinda, akaingia kazi ya kulea wazee. Kwa miaka aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani usiku kucha, mpaka mgongo ukaanza kulalamika. Ndipo akasomea udalali. Mtihani ulimwangusha mara ya kwanza, akarudia. Alipata leseni, na soko la nyumba likaporomoka. "Nina bahati mbaya mimi, sijui kaniroga nani," akasema, akamimina chai tena.

Bibi wa dirishani aliitwa Mama Odessa, mpishi mstaafu wa shule, mjane. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi. Binti yake huko Carolina alikuwa ameshamwandalia chumba kisicho na ngazi, lakini mama alikataa kuondoka kabla hajamwona kwa macho yake atakayekaa kwake. Nyumba ilikuwa sokoni tangu majira ya baridi. Meneja wa ofisi ya Flaviana, Bwana Gary, alikuwa amemwambia wazi: hii isipouzika kabla shule hazijafunguliwa, arudishe vibao vya ofisi, atafute kazi nyingine. Na kazi nyingine aliyoijua Flaviana ilikuwa ile ya usiku, ya kugeuza watu vitandani.

"Sasa mbona mwenye nyumba yuko ndani?" nikamuuliza. Hata mimi, mtu wa biskuti, nilijua sheria ya kazi hiyo. Siku ya kuonyesha nyumba, mwenyewe huondoka. Wageni wanataka kupekua makabati na kusema ovyo, kama nilivyokwisha kufanya.

Flaviana akaweka birika chini. "Dada, nimefanya kazi na wazee. Nimewaona wanavyotolewa majumbani mwao. Ambulensi mlangoni, mtu hajafunga hata dirisha, basi, harudi tena. Leo mimi nimwambie huyu bibi, pisha, wageni wanakuja kwako? Nashindwa. Mdomo haufunguki."

Ni jambo jema, na lilikuwa likimuua kibiashara. Maana Mama Odessa alikuwa akimwambia kila aliyeingia kwamba mvua kubwa ikinyesha majira ya kuchipua, maji huingia kwenye chumba cha chini ya ardhi, kona ya nyuma. Alilisema kwa heshima, kama anavyokuonya mtu kwamba chai ni moto. Tukiwa pale pale, kijana mmoja na mchumba wake waliokuwa wakipima sebule kwa hatua walilisikia, wakatazamana, wakaaga.

Walipishana mlangoni na Bwana Gary. Alitazama sahani ya chapati, akamtazama Mama Odessa, akamwita Flaviana barazani. Hakushusha sauti ya kutosha. Alisema Jumapili ijayo yule mama asiwemo ndani, na asipotoka, Flaviana asihangaike hata kuja ofisini Jumatatu. Mama Odessa aliacha kutafuna. Nilimwona akiitazama sahani yake kama aliyeiba, na hasira iliyonipanda siku ile bado ninayo kidogo mpaka leo.

Njiani kurudi tukaipita Wheaton. Ndipo Festus akasema, "Chapati ilikuwa poa." Kwa Festus hiyo ni hotuba.

Jumapili iliyofuata sikumwambia akate kona. Alikata mwenyewe.

Kibao kilikuwepo, maputo yapo, mlango uko wazi, na watu kadhaa walikuwa wakiingia, kwa kuwa serikali mwaka ule ilikuwa ikiwasaidia wanaonunua nyumba mara ya kwanza. Gari la Flaviana lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, injini inanguruma. Ndani yake, kiti cha mbele, mkanda umefungwa, alikaa Mama Odessa. Flaviana alikuwa ametaka kumpeleka madukani akapumzike. Mama alikubali kutoka ndani, lakini kwenda mbali hakukubali. Basi alikaa pale, kiyoyozi kinampulizia, anatazama watu wasiomjua wakipanda ngazi zake.

Flaviana alisimama mlangoni, macho mekundu. Hapakuwa na chai. "Karibuni," akasema, na sauti yake haikuwa na karibu yoyote.

Mimi niliinua mguu niingie. Festus akanishika mkono.

"Siwezi ingia kwa mtu na mwenyewe ako nje," akasema.

"Lakini ni open house, kila mtu anaingia."

"Wacha waingie. Mimi nilifunzwa kubisha hodi."

Akageuka, akarudi hadi kwenye gari, akagonga kioo kwa kidole. "Hodi!" akasema, kwa mazoea tu. Mama Odessa akashusha kioo, akauliza hilo neno ni la nini. Festus akainama, akamweleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kwetu huingii kwa mtu hivi hivi. Unasimama nje, unasema hodi, na mwenye nyumba ndiye anayesema karibu. Asiposema, unarudi ulikotoka. Na yeye, Festus, amekuja kuona nyumba, lakini mwenye nyumba hajamkaribisha.

Mama Odessa alimtazama. Kisha akafungua mkanda, akasema, "Karibu," kwa matamshi yake, akampa mkono amsaidie kushuka.

Walipanda zile ngazi polepole, mama amemwegemea mume wangu, na waliokuwa mlangoni wakawapisha. Flaviana hakumzuia. Alijua vizuri Bwana Gary angesikia, na kazi yake ingeishia hapo. Aliifungua tu ile kanga aliyoikunja kwenye mkoba, akajifunga, akaenda kubandika chai.

Mama Odessa akatutembeza. Jikoni alituonyesha alipompikia mumewe chakula cha mwisho. Alituonyesha mti wa cherry wa uani na ndege wanaoyamaliza matunda yake kabla binadamu hajaonja. Na kule chini, akishuka ngazi moja baada ya nyingine huku anaguna, alituonyesha kona yenye alama ya maji. Akasema majani yakiondolewa kwenye mifereji ya paa kila mwaka, maji hupungua sana, lakini hayaishi. Waliotufuata nyuma wakaanza kuchungulia saa zao. Mmoja mmoja wakaondoka.

Festus akabaki ameitazama ile kona. Mimi nilijua ameshakata tamaa. Nilishajiandaa kusema asante, twende zetu.

"Mtu aliyeniambia ubaya wa nyumba yake," akasema kwa Kiswahili, "akiniambia uzuri wake nitamwamini." Akanigeukia. "Sufuria zako zingetoshea pale jikoni?"

Nikalia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, kwenye chumba cha watu, na Cherono akaniambia, "Mom, people can see you," ingawa wote walikuwa wameshaondoka. Kumbe Festus alikuwa akijua, miezi yote ile, nilichokuwa nikitafuta kwenye majiko ya watu.

Sasa sikia alichofanya Flaviana. Mwanamke huyu alikuwa na nyumba moja tu iliyosimama kati yake na kazi ya usiku, na wateja wamesimama mbele yake wanalia kwa kuitaka. Akamwambia Festus, "Shemeji, usinunue kwa kunihurumia. Nenda nyumbani ulale. Kisha lete fundi wako, sio wangu, akague huko chini. Akisema pabaya, achana nayo, mimi nitajua la kufanya." Nimekutana na watu wema wengi katika maisha yangu, wengine wa kanisani kabisa, lakini wema wa kumgharimu mtu mkate wake nimeuona mara chache.

Fundi akaja. Alikuta kile kile alichosema Mama Odessa, hakuna zaidi. Tukanunua.

Bwana Gary alisema ni bahati, na akaendelea kuwaambia madalali wake kwamba siku ya nyumba wazi haiuzi nyumba. Sibishani naye. Lakini vibao vya ofisi hakumnyang'anya, Flaviana akabaki. Na mwaka huo huo yule kijana aliyekimbia maji na mchumba wake walimtafuta, wakasema wanamtaka dalali ambaye mteja wake hasemi uongo. Nusu ya kanisa letu imenunua kupitia kwake. Mpaka leo huwapikia chai wote wanaoingia, wawe na nia au hawana, na mwenye nyumba akitaka kukaa, anakaa. Kila nikifungua mlango wangu jioni nikitoka kazini, namshukuru Mungu, halafu namshukuru Flaviana.

Siku ya kukabidhiana, binti wa Mama Odessa alikuja na gari kutoka Carolina. Flaviana naye alikuwepo, amekuja na chapati za safari zilizofungwa kwenye taulo. Mama Odessa akatupa funguo moja moja, akieleza kila moja ni ya wapi. Akatoka mlangoni, akashuka ngazi ameshikwa na binti yake. Mimi nikaurudisha mlango taratibu, maana sikuweza kumtazama akiondoka.

Tulisimama sebuleni, nyumba tupu. Nikasikia miguu ikirudi barazani, polepole, ngazi moja baada ya nyingine. Kisha mtu akagonga ule mlango ambao hajawahi kuugonga tangu aolewe.

"Hodi," akasema Mama Odessa kutoka nje.

Mimi nilikuwa nafuta macho. Festus naye alikuwa amegeukia ukuta. Ni Cherono, asiyejibu Kiswahili hata ukimwahidi pipi, aliyekimbilia mlango, akaufungua wote.

"Karibu, nyanya," akasema. "Karibu ndani."