Mtani Aliyevaa Kanzu ya Baba

Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka kumzika baba, vumbi la makaburini bado miguuni, mtani wetu akatokea amevaa kanzu yake. Kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu, bakora ya marehemu, na ule mguu wa kushoto aliokuwa akiuburuta marehemu. Kwetu huku Nanyamba mtani ana ruhusa hiyo msibani. Atakuiga, atakutukana, na wewe unatakiwa ucheke. Mimi nilikasirika. Nimekasirika mpaka leo, na sioni haya kusema.

Mtani huyo ni mama jirani yetu, utani wa koo zetu ni wa tangu enzi za mababu, na mdomo anao. Macho ya baba yalipoharibika, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti barazani, kila lilipotoka na safu yangu ya maoni. Mimi nakaa mjini, Shangani, naandika, nasifiwa kwa lugha yangu ya tahadhari. Mhariri wangu hupenda kujigamba kwamba kalamu yangu haijawahi kumfikisha mahakamani.

Baba hakuwa na haja na tahadhari. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemfyekea mikorosho yake mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, ili shemeji yake apate kiwanja. Mikorosho ya babu, jamani! Baba akaniomba jambo moja tu: "Wewe si una gazeti? Liandike jina lake. Nilisikie linasomwa, halafu nife zangu."

Nikaandika. Loo, niliandika kweli! Niliandika kwamba inadaiwa baadhi ya wakulima wamekumbana na changamoto katika zoezi la kupisha maendeleo. Wasomaji wakanipongeza kwa ukomavu. Baba akapiga simu kuuliza, "Hiyo ndiyo habari yetu?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Mwenye akili ataelewa." Akasema salio linamwishia. Nikaandika nyingine, na nyingine tena, zote safi, zote hazimgusi mtu.

Sasa mtani akaja moja kwa moja upande wa wanaume, akakaa kwenye mkeka, akakunjua gazeti, akakohoa kama mtangazaji wa redio.

"Ndugu wadau! Inadaiwa mzee wetu amekumbana na changamoto ya kupumua. Baadhi ya majirani wameonekana wakichimba shimo. Mzee ameombwa apishe!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shehe mwenyewe alijifuta machozi. Mwenyekiti, aliyekaa mbele kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai ya msiba mkononi, alicheka kuliko wote. Nami nilimchukia yule mwanamke kuliko nilivyomchukia mwenyekiti. Hilo ndilo linaloniuma.

Kisha akabadilisha sauti. Ilikuwa sauti ya baba yenyewe, ile ya kifuani.

"Limo?" akauliza. Akajijibu kwa sauti yake: "Jina halimo, mzee." Akarudi kwa baba: "Hebu soma tena, mama. Pengine umeruka mstari."

Kicheko kikakatika. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakifanya pale barazani, gazeti baada ya gazeti, na mimi sikuambiwa. Akainuka, akaburuta mguu mpaka mbele yangu, akaninyooshea bakora.

"Mwanangu, leo hakuna mhariri. Mbele ya watu hawa, nani alinifyekea mikorosho?"

Wote walijua. Watoto walijua. Mwenyekiti alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Jina lilinifika kooni, fupi tu, na mimi huyu, bingwa wa maneno, nikatia mkono mfukoni. Mtani ukimpa chochote anaondoka, ndiyo desturi. Nikampa noti.

Aliitazama, akanirudishia. Sijawahi kuona mtani akikataa pesa, wala kusikia. Akaivua ile kanzu taratibu, akaikunja, akaiweka mapajani mwangu, na kofia juu yake. Aliinamia kanzu, kwa adabu zote, akaiambia:

"Halimo, mzee."