Mto wa jakuzi umenimeguka shingoni

Jamani, leo nilidhani ngozi ya shingo inanibanduka!

Nimeoga kwenye jakuzi la nyumba ya wageni ya mke wa mwanangu, hapa Maji ya Chai. Nikaegemea mto wake wa kichwa. Kuinuka, shingo nzima chengachenga nyeusi!

Mkwe akaja juu: "Mama, ni mafuta yako ya nywele!"

Mafuta yangu?

Nikamwambia alete mto wa pili, ule uliokaa stoo. Mzima, laini! Huu niliouegemea anaufunikia humohumo jakuzini kama makande, mvuke wa klorini, ile dawa ya maji, unautafuna usiku kucha.

Nikamfunza: "Utoe kabla ya kufunika, usuuze, uanike kivulini. Na dawa upime, usimwage tu!"

Wageni wanafika jioni, na mto mzima ni huo mmoja.

Nimeukalia. Aniombe radhi kwanza kwa kuyasingizia mafuta yangu.

Nimekosea?