Mahindi ya Shule Yameliwa, na Mimi Ndiye Natakiwa Nimtaje Mwenye Ng'ombe

Admin, nifichie jina, maana huku kwetu watu wanaifuatilia sana hii page. Mimi ni binti wa miaka 18, nipo kidato cha nne shule moja ya kata huku Kasekese. Ni Msukuma. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe kabla sijazaliwa, kwa hiyo kwetu ni hapa hapa, ila shuleni naitwa "wa porini". Darasani msichana wa Kisukuma ni mimi peke yangu. Nikisimama kujibu swali, huko nyuma lazima mtu alie kama ng'ombe, darasa zima linacheka. Nilishazoea.

Baba hakutaka nisome. Aliyenisimamia ni baba mdogo. Alimwambia baba mbele yangu, "Kaka, huyu mwache. Nitamsomesha mimi." Ndiye ananilipia chumba nilichopanga karibu na shule, maana nyumbani ni mbali mno.

Sasa wiki iliyopita tumefika shule tukakuta shamba la shule limeliwa. Mahindi ya makande yetu ya mchana, yalikuwa yamebaki kuvunwa tu! Kwato kila mahali. Mkuu wa shule akaniita paredi mbele ya wanafunzi wote. "Hao wafugaji ni ndugu zako. Ng'ombe wa nani waliokula hapa?" Nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui. Akasema, "Basi hutaingia darasani mpaka ujue." Tangu siku hiyo nakaa nje ya ofisi yake. Wenzangu wanafanya marudio, mi nawasikia tu dirishani, na mtihani wa taifa umekaribia. Hata rafiki yangu wa kabila la Wabende, wenyeji wa huku, tunayekaa naye dawati moja, alinifuata akaniambia kwa upole, "Najua sio wewe, ila njaa nayo inauma." Hiyo iliniumiza kuliko zile kelele za ng'ombe.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilipomhadithia baba mdogo, hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu, ni ng'ombe zangu. Walinitoroka." Nikamwomba aende mwenyewe aombe msamaha, alipe. Akatikisa kichwa. "Nikienda hawatanitoza mimi peke yangu. Watasema Wasukuma wote tuhame. Umesahau mwaka jana?" Sijasahau. Iliyoliwa ilikuwa bustani ya mtu mmoja tu, lakini familia zetu zote ziliambiwa ziondoke, tukabaki kwa kuombaomba tu. Baba akadakia, "Rudi nyumbani yaishe. Hiyo shule haikutaki."

Juzi mkuu wa shule kasema kuna mkutano wa kijiji, na nitasimamishwa niseme. Nikimtaja baba mdogo, nimemgeuka mtu pekee aliyenipigania, na huenda tukafukuzwa wote. Nikinyamaza, nabaki pale nje mpaka mtihani unipite. Nikirudi nyumbani, baba ameshaanza kupokea watu wanaokuja kuniposa. Mwalimu wa hesabu peke yake ndiye ananiletea maswali kwa siri. Ananiambia, "Wewe fanya, usiwaze." Jana nimekosa swali ambalo huwa nawafundisha wenzangu.

Mkutano ni keshokutwa. Nyie mnaonisoma, wa kabila langu na wasio wa kabila langu, naombeni ushauri wenu. Nikisimama pale mbele yao, niseme nini?