Chupa Iliyonywewa Bila Mwenyewe

Walimwita Padri, ingawa kanisani alionekana siku za harusi tu, tena kwa ajili ya kukagua suti alizozishona mwenyewe. Jina alipachikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya mvinyo. Jioni wenzake wakishika bia zao, yeye huzungusha bilauri mkononi, akainusa, akafumba macho, kisha akawatazama kama mtu anayetazama mbuzi wakila magazeti.

Kidole tumbo kilipompasukia, alilala siku kadhaa hajitambui. Alipozinduka katika wodi ya wanaume, jambo la kwanza alilofanya ni kufunua shuka na kuutazama mshono.

"Nani kashona hapa?"

"Daktari bingwa," muuguzi akajibu.

"Bingwa wa magunia! Mshono umekwenda upande kama njia ya mlevi."

Tangu hapo hakuna kilichosalimika. Uji aliuita gundi. Juisi ya pakiti aliyoletewa na mkwewe aliishika kwa vidole viwili, akaisukumia mbali. Jirani yake wa kitanda, muuza nyama aliyevunjika mguu, alifyonza chai kwa kishindo hadi Padri akampa mgongo. Muuza nyama hakujali. Plasta ilimfunga mguu, haikumfunga mdomo.

"Padri, ukitoka hapa utakunywa nini?"

Hapo Padri akageuka. Akamsimulia habari za chupa moja nyekundu aliyoinunua ujanani, akaifungia kabatini chini ya vitambaa vya sufu, ikomae gizani. Binti yake alipoolewa hakuifungua, maana wageni walikuwa watu wa soda. Mjukuu alipozaliwa hakuifungua pia, maana mkwewe hutia barafu kwenye mvinyo.

"Sasa unamngoja nani?"

"Mtu mwenye ulimi."

"Sisi wengine tuna nini, kwato?"

Padri akampa mgongo tena.

Mkewe alipokuja kumtazama, hata hakumwacha akae. "Mama, karibu natoka. Ile chupa itoe, uisimamishe wima, mashapo yatue chini."

Mkewe akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Haipo."

"Imevunjika?"

"Tumeinywa. Mimi na dada."

Padri akajaribu kuinuka, mshono ukamrudisha kitandani.

"Daktari aliniita pembeni, akaniambia nijiandae kwa lolote," mkewe akasema. "Nikarudi nyumbani. Nikawaza, huyu mtu miaka yote hataki hata niiguse hiyo chupa. Akifa, sitajua alikuwa anapenda nini. Tukaifungua kwa bisibisi."

"Bisibisi!"

"Kizibo kikamegekea ndani. Tukakichuja kwa chujio la chai."

"Mkanywea nini?"

"Vikombe. Vile vya maua."

Muuza nyama akajikohoza, kikohozi kikamgeukia kicheko. Padri alitafuta neno la kumkata nalo mkewe, na maneno hayo hakuyakosa hata siku moja katika ndoa yao. Safari hii akajikuta anauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Ilikuwaje?"

"Chungu. Kama chai iliyolala kwenye birika. Dada alimwaga yake. Mimi nilimaliza. Nilikuwa nalia, lakini nilimaliza."

"Dada yako alimwaga," Padri akasema polepole. "Nilijua. Ukoo wenu hauna ulimi."

"Basi nunua nyingine. Ila ukitaka kufa tena, ufe nayo hukohuko."

Muuza nyama akapiga kofi plasta yake. Padri naye akacheka, akalishika tumbo kwa maumivu, akawalaani wote wawili.

Alipona, akarudi kwenye cherehani yake, na dharau yake ikapona pamoja naye. Mafundi bado ni mbuzi, daktari bado ni mshona magunia. Ila jioni nyumbani kwake huwekwa bilauri mbili. Mkewe hunywa uso umekunjamana kama anayemeza dawa, na Padri humtazama kwa dharau, akammiminia tena.